Hata Malori Yanapaki

Safari iliyonifikisha Tunduma niliifanya nimesimama. Nilikuwa na tiketi ya daraja la tatu kwenye treni inayokwenda Zambia, na tiketi ilikuwa na namba ya kiti, tena cha dirishani. Lakini jioni ya siku ya kwanza, tukiwa bado tunaikata mbuga, miguu ilianza. Nikainuka, nikaenda kusimama mlangoni. Mama mmoja mwenye ndoo mbili za dagaa akaniuliza kama anaweza kumlaza mwanawe kwenye kiti changu. Nikamwambia amlaze. Mtoto yule alikilalia mpaka Makambako.

Mkaguzi wa tiketi alinijia mara tatu. Mara ya tatu hakuficha.

"Bwana, mwenye tiketi hukaa. Anayesimama mlangoni anajiandaa kuruka."

Nikamwonyesha tiketi. Akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Sasa una kiti na unasimama?"

"Nanyoosha miguu."

"Tangu Dar es Salaam?"

Behewa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Ningemjibu nini? Kwamba kabla ya treni nilipanda basi kutoka Nachingwea, na njia nzima nilipiga visigino sakafuni mpaka abiria wa mbele akageuka kuniambia namvunja figo? Ndiyo maana nilichagua treni. Kwenye treni mtu anaweza kutembea. Nilitembea kutoka behewa la mwisho hadi la chakula na kurudi, siku mbili, na treni ilipochelewa Mlimba kwa nusu siku nilishuka nikatembea kando ya reli. Tulipoingia Tunduma kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea, na nilikuwa na shati moja la mikono mifupi.

Watu wakiniuliza inakuwaje, nashindwa kueleza. Si maumivu. Ni kama kuna kitu kimejikunja ndani ya mfupa wa muundi na kinataka kunyooka, na hakinyooki mpaka mimi niinuke. Nikitembea kinatulia. Nikikaa kinarudi. Asubuhi mimi ni mtu kama watu. Jua likishuka tu, kinaamka. Na nikifanikiwa kusinzia, miguu huendelea bila mimi. Hurusha mateke ambayo mimi huyasikia kesho yake, kwa aliyepigwa.

Nilianza kusikia habari za mateke hayo bwenini, nilipokuwa sekondari, kwenye vile vitanda vya ghorofa. Mwenzangu wa chini alikuwa akisema kitanda kinatembea. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda Ifakara, halafu Mpanda, halafu Kahama, halafu miji mingine mingi hadi kusini, na kila mji nilikaa mwaka, miwili, mitatu ikizidi. Nilikuwa nikijiita msafiri. Nilipenda hata kuwaambia watu kwamba nina damu ya kusafiri. Sikuwaambia kwamba kila nilipohama nilikuwa nimeshachoka kuomba radhi kwa mtu niliyelala naye chumba kimoja.

Tunduma ilinipa kazi ambayo ni kama ilikuwa inanisubiri. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka hupanga foleni kando ya barabara kuu, na siku za msongamano foleni ile hurudi nyuma hadi kuelekea Mpemba. Dereva anaweza kukaa humo siku nne. Foleni haisogei kwa saa, husogea inapotaka: malori matano, kisha kimya, kisha kumi kwa mpigo. Dereva akiwa amelala pengo likafunguka mbele yake, wa nyuma humchomekea, naye akiamka anakuta amerudi nyuma kwa siku nzima. Kwa hiyo madereva walikuwa wakitafuta mtu wa kukesha kwa niaba yao. Nilishika kipande cha malori thelathini hivi. Kazi yangu ilikuwa kutembea toka mwanzo wa kipande hadi mwisho, kwenda na kurudi, na foleni ikisogea nagonga milango ya vichwa vya malori.

"Dereva! Imesogea! Dereva!"

Walinipenda. Waamshaji wengine walikuwa wakijibanza kwenye moto na kusinzia. Mimi sikusinzia. Dereva mmoja Mzambia, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa akiteremsha kioo kidogo na kunijulia hali kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili: "Ba mdala, mulishani? Ulilala lini mara ya mwisho?"

"Utotoni," namjibu.

"Basi wewe kesha, mimi nilale kwa niaba yetu wote wawili," anacheka, kioo kinapanda.

Nikapata fahari fulani. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na mbili ambaye kwa mara ya kwanza ugonjwa wake unamfaa mtu. Lakini kuna jambo huwezi kulisema kwa madereva. Unapita katikati ya watu thelathini waliolala, unasikia mikoromo yao kupitia mabati ya milango, na unajua kwamba kila mmoja wao ameweza kufanya kitu kidogo ambacho wewe umeshindwa. Wakishavuka mpaka hawakukumbuki tena, na siku ya pili kipande kina malori mengine.

Alikuwapo mwanamke aliyeuza chai na chapati karibu na mwanzo wa kipande changu. Alifungua alfajiri, nami nilikuwa mteja wake wa kwanza. Chai yake ilikuwa nyeusi ya kukolea, na niliinywa kikombe juu ya kikombe ili niifikie asubuhi. Niliinywa nimesimama, nikihama mguu huu kwenda huu.

"Kaka, kiti hakina miiba," aliniambia siku moja.

"Nimezoea kusimama."

"Tangu ufike mji huu sijakuona umekaa. Hata malori yanapaki, kaka."

Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna chapati akacheka hadi akapaliwa. Mimi nilikaa. Nilikaa kwa sababu alikuwa ameniangalia vizuri kuliko mtu yeyote kwa miaka mingi. Nadhani nilivumilia dakika kumi.

Alikuwa ametokea vijiji vya kahawa upande wa Vwawa. Mume wake alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha, na miaka sita baadaye alikuwa bado anatafuta. Hakuwa na mtoto. Baada ya kiangazi kimoja nilihamia kwenye vyumba vyake viwili. Nilimweleza habari ya miguu kabla sijaingia na begi, na yeye akasema amewahi kulala na dada zake watatu kitanda kimoja, miguu haimtishi.

Ilimtisha. Alitandika nguo kati yetu, akaweka mto, mwishoni akawa analala mzungu wa nne, kichwa chake upande wa miguu yangu, kisha akagundua kwamba huko ndiko kubaya zaidi. Asubuhi moja alikuja kibandani na shavu limevimba, na wateja wakaniangalia mimi. "Nimeteleza bafuni," aliwaambia. Siku zisizo na foleni nilianza kulala kwenye mkeka, kwenye saruji, kwa sababu ubaridi wa sakafu ulinisaidia kidogo. Hata hapo nilikuwa naamka, natoka, nazunguka uani.

Sikujua yeye anaelewa nini. Kisha siku moja nikatafuta begi langu nisilione. Nilipekua kila mahali. Mwishowe nilipoenda kuchota unga kwenye pipa, nikakuta mkanda wa begi unachungulia.

"Begi limefikaje humu?"

Alikuwa anakanda chapati, hakuinua macho. "Nimeliweka mahali."

"Kwenye unga?"

"Ukiamka usiku ukatembeatembea, najua mawazo yako yameshaanza safari. Yule naye alianza hivyohivyo. Alitembea uani wiki nzima, halafu akaenda."

Nilimwambia si mawazo, ni miguu. Alisema, "Miguu ya nani?" Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Labda kweli nilikuwa nataka kuondoka na nilikuwa sijijui. Nililiacha begi kwenye pipa. Tukawa tunalipangusa unga na kulirudisha, na nakumbuka kwamba wiki zile tulicheka sana.

Masika yaliyofuata baba yake alifariki. Alipokea simu akiwa kibandani. Alimimina chai ya mteja hadi mwisho, akamkabidhi kikombe, ndipo akakaa chini. Tulifunga kibanda, tukapanda hadi Vwawa na kutoka hapo bodaboda hadi kijijini. Njiani, mvua ikitupiga, aliniambia kwenye sikio: "Huko ndiko utakapojulikana. Ndugu zangu hawajakuona. Tulia tu wakuone."

Nilielewa. Tulikuwa hatujafunga ndoa, wala sikuwa nimepeleka mtu kwao. Msiba ndio ulikuwa wa kunifungulia mlango au kunifungia. Nilifanya yote niliyoweza mchana: nilipasua kuni, nilibeba maji, nilishika sepetu makaburini, pale mwisho wa shamba la kahawa. Baba yake mdogo, mtu mfupi mwenye koti la mvua, alinipigapiga begani. "Huyu bwana hana uvivu," aliwaambia wenzake. Nilimwona mwenzangu ameyasikia maneno hayo kutoka jikoni, na uso wake ukalegea kidogo.

Lakini msibani wanaume hulala nje pamoja. Kulikuwa na turubai, chini wametandaza nyasi kavu, moto mbele, na sisi tumelala bega kwa bega, watu kama ishirini. Mtu wa kushoto alikuwa shemeji yake, wa kulia mzee wa kanisa. Nilijua nitampiga mmoja wao. Nilivumilia, nikahesabu miti ya turubai, nikauma shuka. Kisha nikainuka polepole, nikavaa mabuti yangu ya mvua, nikaenda kutembea mbali ili nisimwamshe mtu. Mbali palikuwa nyuma ya nyumba. Nikazunguka nyumba. Nikashuka shambani, nikapanda. Siku ya kwanza hivyo, na siku ya pili, tulipokwisha kuzika, hivyohivyo. Niliona nimefanya ustaarabu.

Asubuhi ya tatu mvua ilikuwa imekatika. Nilimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba, ameinama, fimbo yake inafuata kitu udongoni. Zilikuwa nyayo za mabuti. Zilizunguka nyumba ya marehemu na kuizunguka tena, zimekanyagana hadi zimetengeneza njia, kisha zinashuka katikati ya mibuni hadi karibu na kaburi, na kurudi. Kisigino cha kulia kilikuwa na kipande kimekatika, nacho kilionekana katika kila hatua. Aliitazama miguu yangu. Kisha alirudi barazani.

Waliniita baada ya uji. Walikuwa watano, na yeye mwenzangu wakamwita pia, akaja na mwiko mkononi.

"Hatugombani, bwana," baba mdogo alisema. "Tunauliza tu. Sisi wote tulichimba, tulizika, tulichoka, tulilala. Wewe ulikuwa una kazi gani na nyumba ya marehemu?"

"Mzee, shida yangu ni miguu. Nikilala inasumbua, lazima nitembee."

"Mchana haisumbui?"

"Mchana hapana."

"Inasumbua usiku tu."

"Jioni na usiku, ndiyo mzee."

Nilijisikia nikiyasema, na nilisikia yalivyoanguka. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka, hata mara moja, mpaka leo. Shemeji mtu aliangalia pembeni. Baba mdogo akamgeukia mwenzangu, sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, na huko mjini hutembea hivi?"

Yeye aliangalia mabuti yangu. Nilijua hawezi kudanganya mbele ya watu waliomzika baba yake jana.

"Hutembea," alisema.

"Mara mojamoja?"

"Kila siku." Kisha akaharakisha: "Lakini ni miguu yake baba, ni kweli inamsumbua, hata mimi hunipiga mateke, hata shavu..." Shavu halikusaidia.

Baba mdogo alisema hawanifukuzi. Wanaomba tu nisilale pale tena. Walinipa kijana wa pikipiki na mkungu mdogo wa ndizi, na mzee wa kanisa alinisindikiza hadi barabarani akizungumzia mvua.

Nilirudi Tunduma peke yangu. Yeye alibaki hadi walipoanua matanga, kisha akabaki tena kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, kisha akaja siku moja kuchukua masufuria. Tulipakia pamoja. Begi langu lilikuwa bado kwenye pipa. Alilitoa, akalipangusa, akaliweka kitandani.

"Sijasema uondoke," alisema.

"Najua."

"Nimetoa tu, unga nitaondoka nao."

Alifungua kibanda kingine Vwawa, kando ya barabara kuu, ili awe karibu na mama yake. Mimi niliendelea kuamsha malori. Mwezi mmoja baadaye, nikiwa safarini kwenda kumwona na nimechoka mpaka naona vitu viwiliwili, niliishia kituo cha afya, sikufika kwake. Nilitaka dawa ya usingizi tu.

Tabibu alikuwa dada kijana. Hakuniandikia haraka. Alinivuta kope la chini akaangalia, akanituma kupima damu, akauliza nakula nini, nakunywa chai kiasi gani. Nilipomtajia vikombe alicheka kidogo. Alisema damu yangu imepungua madini ya chuma, na chai ya kukolea pamoja na chakula huyazuia yasiingie mwilini. Akaandika jina refu la Kiingereza kwenye karatasi. "Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia," alisema. "Wengi wanao na hawajui. Kwenu kuna mwingine?"

Nikataka kusema hakuna. Kisha nikamkumbuka mama yangu. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitembea uani usiku, kutoka jikoni hadi kwenye kinu, kutoka kwenye kinu hadi jikoni. Sisi watoto tulilala kwa sauti ya kandambili zake. Tulidhani anatulinda. Mimi nilipolala miji ya mbali, kitu nilichokosa cha nyumbani kilikuwa sauti hiyo, na niliitamani kama wengine wanavyotamani chakula. Kumbe alikuwa anateseka. Alikufa bila mtu kumvuta kope.

"Mama," nilimwambia tabibu.

Alinionya kwamba vidonge si muujiza, kwamba wengine hupata nafuu tu. Nilivimeza na machungwa, nikaacha chai. Wiki ya tano au ya sita nilikaa kitandani kuvua viatu, nikaamka asubuhi na kiatu kimoja bado mguuni. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nilikaa pale na kiatu changu, nikafikiria miji yote niliyoikimbia, nisijue ni mingapi niliikimbia mimi na ni mingapi ilikuwa miguu.

Nilikwenda Vwawa na karatasi ya tabibu mfukoni. Sikuitoa kwanza. Niliketi kwenye benchi la kibanda chake, nikaomba maji ya moto, nikatulia. Ilikuwa jioni, saa ile mbaya. Alihudumia wateja, akakuna nazi, akaosha vikombe, kila mara akinitupia jicho. Giza lilipoanza kuingia akaja akasimama mbele yangu.

"Umekaa," alisema.

"Nimekaa."

Aliisoma karatasi mara mbili. Aliuliza maswali mazuri, alitaka hata kuona vidonge. Alinishika goti kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile na kunirudishia.

"Mimi nilikuamini hata kabla ya hii. Lakini nyumbani hawatasoma. Ulipotembea walisema unatafuta kitu. Sasa ukija ukalala, ukatulia hivi, watasema umeshakipata."

Nilimwambia twende mahali pengine. Ifakara kuzuri, nilisema, kuna mpunga. Aliniuliza na mama yake atamwachia nani, na hakuwa anauliza ili nijibu.

Nilikaa Tunduma mwezi mmoja zaidi. Kazi ya kuamsha malori sikuiweza tena: mara mbili nilisinzia kwenye moto, na dereva mmoja akachomekewa mpaka akanitukana mbele ya watu, na alikuwa na haki. Nilimpigia simu mwenzangu, nikamtajia siku nitakayoondoka Tunduma na basi nitakalopanda. Basi husimama Vwawa dakika chache kupakia. Tulikubaliana atasimama upande wa kushoto, karibu na kibanda chake, na mimi nikakata tiketi ya dirisha la kushoto. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga. Sikuwa na uhakika ni ya kuaga. Huenda angeniambia shuka, nami ningeshuka.

Asubuhi hiyo nilikaa kwenye kiti changu kabla ya abiria wote. Begi nililipakata, bado lilikuwa na unga kwenye mshono. Tulipita foleni, malori yamelala, mwamshaji mwingine anapiga miayo kando ya tairi. Tukaipita Mpemba. Nakumbuka jua likinipiga shavuni.

Nilipofumbua macho, konda alikuwa anatangaza Mbalizi.

Niliruka wima. Bibi aliyekaa karibu yangu, mwenye kikapu cha parachichi, alinishika mkono.

"Kaa, baba. Umelala vizuri."

"Vwawa tumepita?"

"Zamani. Kuna mama alikuja hapa dirishani na aproni yake. Akasimama tu, anakuangalia. Nikamwambia ngoja nimwamshe, akanikataza kwa mkono. Basi lilipoondoka alikuwa bado amesimama."

Nilikaa. Kulikuwa na safari ndefu mbele, na miguu yangu ilikuwa imetulia sakafuni, mmoja kando ya mwingine.